Mbao za Ubavu wa Kushoto

Mtaani walimwita Bi Mkasi, na waliompa jina hilo hawakufafanua kama walimaanisha mkasi aliokatia vitambaa au ule aliokuwa nao mdomoni. Kwa miaka thelathini na moja alikaa katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi, uso barabarani, akishona sare za wauguzi, magauni ya maharusi, mapazia ya waliohamia na suruali za wanaume walionenepa wakakataa kukubali. Mteja akirudi kulalamika kwamba nguo imembana, Bi Mkasi alimtazama juu mpaka chini, akafungua daftari lake la vipimo na kusema, "Nguo haijapungua, baba. Tafuta aliyeongezeka."

Halafu kiharusi kikaja bila hodi. Kilimkuta asubuhi, akiwa kwenye kiti chake, sindano mkono mmoja na uzi mkono mwingine. Binti yake mkubwa, aliyekuwa amepita kumletea mkate kabla ya kwenda kazini, ndiye aliyemkuta sakafuni kando ya cherehani, macho wazi, mdomo umekwenda upande.

Hospitali ilimrudishia maneno yote, na majirani wakatania kwamba wangeweza kubakisha machache. Mguu nao ulirudi, kwa msaada wa fimbo. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Ulikuwa pale, una joto lake na pete yake, lakini ukiuagiza kitu ulikwenda nusu ya njia ukasahau ulichotumwa. Dada wa mazoezi ya viungo kliniki alimpa mpira mdogo wa kufinya, mara mia asubuhi na mara mia jioni. Bi Mkasi aliufinya siku tatu, kisha akauviringisha chini ya kabati.

"Mimi nimelea watoto wanne," alisema. "Michezo ya mpira niliwaachia wao."

Binti yake alihamia kwake. Alikuwa msimamizi wa ghala la vifaa, mwanamke wa kupanga na kupangua, na haikupita wiki kila kopo la jikoni lilikuwa na karatasi inayosema kilichomo. Alikuwa na upendo mwingi na subira kidogo. Alimwogesha mama, alimpikia, alimpeleka kliniki, na siku moja mama alipoamka kutoka usingizi wa mchana alikuta cherehani limebebwa na kufungiwa stoo.

"Mpaka upone, mama," binti alisema.

"Na nani atasema nimepona?"

"Daktari."

"Daktari ameshona nini?"

Binti alinyoosha shuka. Alikuwa ameshaanza kuulizia watu wanaotafuta chumba cha kupanga, chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, na alikuwa anangoja siku nzuri ya kulisema.

Jumapili moja walialikwa kula kwa mdogo wake Bi Mkasi, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, ambaye hata mkewe alimwita Mwalimu. Baada ya chakula, Bi Mkasi akiwa ameegemea kwenye kochi, jicho lake likapanda juu ya kabati la vitabu. Kulikuwa na kitu huko, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kimejaa vumbi.

"Ile nini, Mwalimu? Umeanza kuhifadhi mifupa ya samaki?"

Mwalimu akacheka, akakaa sawa kama mtu aliyeulizwa mji mkuu wa nchi anayoijua. "Ni boti, dada. Modeli ya mbao. Niliiagiza nilipostaafu, ikaja kwenye boksi, vipande mia tatu. Ule mti mrefu wa chini ni mkuku, ndio uti wa mgongo. Zile mbavu zilizosimama ni mataruma. Kule mbele kulikochongoka ni omo, nyuma ni tezi. Kazi yote hiyo niliifanya mimi. Ilibaki kuivalisha mbao tu."

"Kuivalisha?"

"Ndivyo nisemavyo mimi. Unachukua papi, zile mbao nyembamba, unazipanga ubavuni moja baada ya nyingine mpaka ngozi inafunga. Lakini hapo ndipo shughuli. Omo imejipinda, papi haitaki kupinda. Nilivunja kumi, nikaona isiwe tabu. Na hapa nina mikono miwili mizima, dada. Sembuse…"

Akaishia hapo. Mkewe akaanza kukusanya sahani zilizokuwa zimeshakusanywa.

"Malizia," Bi Mkasi alisema.

"Basi tu."

"Sembuse mwenye mmoja. Sema, haitakuunguza ulimi. Ishushe hiyo mifupa."

"Dada, mimi sikuwa na maana…"

"Najua huna maana. Ishushe. Na boksi la papi pia."

Alirudi nyumbani kwa teksi, mifupa imelala mapajani mwake, vumbi likimpaka gauni, na dereva alipouliza ni kitu gani akajibiwa aangalie mbele.

Meza ya kukatia vitambaa ilikuwa bado chumba cha mbele kwa sababu haikupita mlango wa stoo. Hapo ndipo Bi Mkasi alipoitandaza kazi yake. Binti alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, hicho nini tena?"

"Mazoezi."

"Mtaalamu alisema mpira."

"Mtaalamu hajaona boti."

Maelezo yaliyokuja na boksi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu katika ukoo aliyeifahamu. Zilibaki picha. Katika kila picha kulikuwa na mikono miwili iliyokatiwa kiwikoni, misafi, kucha zimepunguzwa, ikiikunja papi kana kwamba ni ukanda wa ngozi. Bi Mkasi aliitazama ile mikono, akaona kama inamringia.

Papi ya kwanza ilivunjika kwa mlio wa mbu aliyepigwa kofi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu aliiloweka kwenye beseni mpaka ikalegea, akaibana omo kwa vidole vya kushoto, na alipojaribu kuifikisha tezi ikachomoka, ikamchapa shavuni. Alitukana tusi ambalo binti yake, aliyekuwa jikoni, hakujua kwamba mama analijua.

Akautazama mkono wa kulia. Ulikuwa umelala mapajani kama mgeni aliyeshiba. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akaunyanyua, akaulaza juu ya papi, kwenye taruma la tatu. Mkono ukakaa. Papi nayo ikakaa.

"Kumbe mzito," aliuambia. "Haya, kama kazi huwezi, uwe jiwe."

Kwa namna hiyo papi ya kwanza ilishika. Mkono wa kushoto ulibana, pini za kushonea zilichomekwa kwenye mataruma, mkono wa kulia ukalala kama jiwe, na gundi nyeupe ikakauka taratibu huku mwenyewe akisikiliza redio. Siku iliyofuata akatia ya pili. Kwa kuwa mkono wake mzima ulifika ubavu wa kushoto kwa urahisi zaidi, aliendelea huko huko, ya tatu, ya nne, ya tano. Aliona omo papi zinaanza kupandana migongoni kama watu kwenye foleni isiyo na msimamizi, na kule tezi zinaachana hata shilingi ingepita. Alijiambia msasa utasawazisha.

Alhamisi Mwalimu alikuja kumjulia hali. Aliichukua boti, akaigeuza, akafumba jicho moja akautazama mkuku kwa urefu, kuanzia omo mpaka tezi. Midomo yake ikaanza kutetemeka.

"Nini?" Bi Mkasi aliuliza.

"Dada, umejenga ndizi."

Akamwonyesha. Mkuku ulikuwa umepinda. Papi tano zilizokauka upande mmoja zilikuwa zimeuvuta uti wa mgongo, na upande wa pili haukuwa na kitu cha kuushikilia. "Ilibidi uweke moja huku, moja huku," Mwalimu alisema. "Hilo nililisoma mahali, nikasahau kukwambia." Kisha, kwa sauti laini, ile ya mwalimu anayemrudishia mwanafunzi karatasi ya sifuri, akasema, "Imeshaharibika. Tuirudishe juu ya kabati. Hakuna atakayekucheka."

"Wewe umeshacheka."

"Nimecheka kidogo."

"Kidogo chako kinatosha mtaa mzima. Nenda kwa mkeo, Mwalimu."

Alipoondoka, Bi Mkasi alitaka kuipiga meza ngumi. Mkono aliouzoea kupigia ngumi ukanyanyuka kidogo, ukaanguka mezani kama kitambaa kilicholowa. Hilo lilimuuma kuliko ndizi. Alikaa pale, machozi yakimtoka kwa hasira, kamasi nazo, na hapakuwa na mkono wa ziada wa kufutia kwa sababu wa kushoto ulikuwa umeishika ile boti na haukutaka kuiachia.

Lakini alikuwa fundi wa nguo, na fundi wa nguo amekuwa akikosea tangu siku ya kwanza ya kazi yake. Ni mangapi aliwahi kuyashona akayafumua? Kola zilizokaa kichwa chini, mikono ya shati iliyobadilishana mabega, gauni la harusi alilolifumua lote siku mbili kabla ya harusi. Waliojifunza kwake walijua kauli yake moja: ambaye hajajua kufumua hajajua kushona.

Akachomeka pasi. Akalowesha kitambaa, akakitandaza juu ya ubavu wa kushoto, akakandamiza pasi ya moto juu yake. Mvuke ukapanda ukinukia mbao mbichi. Alipoinua kitambaa, gundi iliyokuwa imekauka ilikuwa imegeuka nyeupe tena, laini kama utando wa maziwa. Akapenyeza kisu kidogo chini ya papi, akaisukuma. Ikaachia. Hadi jua linaelekea kutua papi zote tano zilikuwa chini, moja imechanika, nne nzima. Mkuku akaulaza juu ya rula yake ya chuma ya kukatia vitambaa, akaufunga kwa kamba kama mtoto mgongoni, akauacha hivyo siku mbili.

Siku ya tatu alichukua futi yake ya kamba, ile iliyofutika namba za mwanzo kwa kushikwashikwa, akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya kabla ya yote na ambalo hangethubutu kuliruka kwa mteja yeyote. Alimpima mwenye kuvalishwa. Kwenye taruma la katikati, palipo tumbo la boti, kuanzia juu hadi mkukuni, paliingia papi kumi na moja. Pale omo paliingia sita, na ya sita kwa kusukumana.

Bi Mkasi akacheka peke yake mpaka fimbo ikaanguka.

Sketi! Sketi ya vipande, ile ambayo ameikata mara elfu! Kila kipande chembamba kiunoni, kinapanuka kuelekea chini. Mtu hatii kumi na moja mahali pa sita ila kila moja ikubali kupungua. Mwalimu alikuwa amejaribu kumvalisha gunia mtu mwenye kiuno, halafu akalaumu mbao. Na yeye, Bi Mkasi mzima, alimfuata!

Akatoa karatasi za kukatia ruwaza. Akapima kila taruma, akagawa kwa kumi na moja, akatia alama kwa chaki iliyochongwa. Kila papi ikapata ruwaza yake na jina lake: kushoto ya kwanza, kulia ya kwanza, kushoto ya pili, kulia ya pili. Kukata kulikuwa shughuli nyingine. Mkono wa kushoto ulishika kisu, na rula ilihitaji mtu wa kuikandamiza isiteleze. Jiwe lake la zamani lilitosha kwa kulala tu, lakini rula ilitaka vidole. Alivipanga kimoja kimoja juu ya chuma kama mtu anayemfundisha mtoto kukaa, na vikateleza, akavipanga tena. Wiki ya kwanza aliharibu papi nne. Wiki ya pili moja.

Kukunja ndiko kulikompa raha. Wale wa kwenye picha walikuwa na kifaa maalumu cha umeme. Yeye alikuwa na pasi. Papi ikishaloa, aliilaza juu ya chupa nene ya sharubati, akaivutia pasi polepole, akaishusha pamoja na mviringo wa chupa. Ilitii kama pindo la sketi. Ikipoa, ilibaki imejikunja vile vile alivyoiagiza, na aliiweka omo bila kuilazimisha. Papi moja kushoto, moja kulia. Hakuruka hata siku alipokuwa na haraka.

Kliniki, dada wa mazoezi alimwambia amfinye kidole kwa gumba na kidole cha shahada. Bi Mkasi akamfinya.

"Basi, mama. Basi! Naona mpira umesaidia."

"Mpira upi?" Bi Mkasi aliuliza.

Sasa ndipo binti yake alipomleta kinyozi.

Ilikuwa Jumanne, karibu na adhuhuri. Bi Mkasi alikuwa kwenye papi ya nane ya kulia, gundi mbichi, pini nne mdomoni, mkono wa kushoto omo na wa kulia katikati, mwili wote umejipinda juu ya meza. Mlango ukafunguliwa, binti akaingia na mwanamume mnene mwenye adabu, ananukia manukato ya kunyolea, futi mkononi.

"Shikamoo mama," kinyozi alisema.

"Mmh," Bi Mkasi alijibu kwa pini.

Kinyozi akaupima ukuta. "Kioo kitakaa hapa," alisema. "Viti viwili hapa. Hii meza mtaitoa?"

Bi Mkasi akazitema pini mkononi… au angezitema kama angekuwa na mkono. Alizitema mezani. "Nani ameitaja meza yangu?"

"Mama, tulishaongea," binti alisema haraka. "Nilikwambia chumba kisikae bure."

"Wewe uliongea. Mimi nilikuwa nakula." Akamgeukia mgeni. "Wewe baba, una mikono miwili?"

"Ninayo, mama."

"Lete mmoja. Shika hapa mwisho, usisukume, shikilia tu."

Kinyozi alimtazama binti, akaitazama papi, akaja kushika. Baada ya muda akainamisha kichwa. "Hii inapungua huku mbele."

"Lazima ipungue. Huko hakuna nafasi."

"Kama nywele za kisogoni," kinyozi alisema, na uso wake ukachangamka. "Sisi nasi tunapunguza kuelekea shingoni. Ukishusha moja kwa moja inakuwa kofia."

"Umeona! Na huyu mwalimu wangu miaka miwili hakuona."

"Nyinyi mnacheza!" Binti alipaza sauti hata wapita njia wakageuka. "Mimi nimeomba ruhusa kazini, nimemleta mtu wa watu, nyinyi mnacheza na vijiti! Mama, huoni? Kila nikifungua mlango huu nakukuta pale." Akaonyesha sakafu, kando ya mahali palipokuwa na cherehani. "Kila siku. Nabeba mkate, nafungua, nakukuta pale macho wazi, najua umekufa. Nataka pawe na kitu kingine pale. Viti, vioo, nywele za watu, chochote. Sitaki tena kukifungua hiki chumba!"

Akaanza kulia. Kinyozi alikuwa anatamani ardhi ipasuke, lakini gundi ilikuwa haijashika na alikuwa ameambiwa asiachie. Akainamisha macho kwenye papi kama mtu anayesali.

Bi Mkasi hakuinuka. Asingeweza, na hakutaka. Alimwacha binti yake alie mpaka pumzi ikamrudia.

"Mwanangu," alisema, "ningeanguka jikoni, jiko ungempangisha nani?"

Binti akakohoa, nusu kilio nusu kicheko kilichokataa kutoka.

"Sikufanyii mzaha. Uliogopa, najua. Na mimi niliogopa. Nilikuona ukiingia, nilitaka kukwambia mkate uweke mezani usianguke, mdomo ukakataa. Lakini pale unapoonyesha mimi nimeanguka dakika kumi. Kwenye kiti hiki nimekaa miaka thelathini na moja. Wewe ulijifunzia kutembea chini ya meza hii, ukinichomolea pini. Unataka hizo dakika kumi ndizo zichukue chumba?"

"Nataka usianguke tena."

"Hilo hata mimi nalitaka. Hakuna anayejua. Nikianguka tena, utaniinua kama ulivyoniinua, na hilo nakuomba. La chumba sikuombi, nakwambia. Hakipangishwi. Si leo, si nikiwa na mkono mmoja, si nikiwa sina hata mmoja. Siku nikitaka kukaa bure nitakutumia barua."

Binti akajifuta macho. Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia.

"Samahani, mama," kinyozi alisema taratibu. "Gundi imeshashika?"

Binti ndiye aliyecheka kwanza, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka, akatoka. Kinyozi alikunja futi yake. Pale mlangoni aligeuka. "Hiki chumba kina mtu," alisema, akaaga kwa heshima kama anavyoaga mtu msibani au harusini. Baadaye alipata chumba mtaa wa pili, na mara moja moja alikuwa anapita kuuliza wamefika papi ya ngapi.

Binti alinuna siku mbili. Siku ya tatu, Bi Mkasi alikuta mezani kopo la vibanio vya karatasi, vile vidogo vyeusi vya chuma vinavyong'ata, vya kutosha boti tatu. Juu ya kopo karatasi ilibandikwa: MAMA – BOTI. Bi Mkasi alianza kuvitumia mchana ule ule. Jioni, wakila, binti alisema huku anaitazama sahani kwamba kama mama anataka, cherehani linaweza kutolewa stoo.

"Likae kwanza," Bi Mkasi alisema. "Meza imejaa."

Vibanio vilirahisisha mengi, lakini si yote. Kule tezi, papi zilizopunguzwa omo hazikutosha kujaza upana wa nyuma, ikabaki nafasi iliyochongoka kama kisu pande zote mbili. Wengine wangelazimisha. Bi Mkasi alikata kikwapa, kile kipande cha pembetatu ambacho mshonaji hukitia chini ya mkono wa kanzu ili mwenye kuivaa aweze kunyanyua mikono. Vikwapa viwili, kimoja kila upande, vikaingia kama vilikuwa vinasubiriwa. Papi ya mwisho, ile inayofunga ngozi karibu na mkuku, aliikata mara tano kabla haijakubali. Alipoisukuma ikaingia kwa mlio mdogo, alipitisha kiganja cha kulia kutoka omo mpaka tezi. Hakuwa na uhakika wa kila alichokihisi, kwa maana vidole viwili bado vilikuwa vimekufa ganzi. Vile vitatu vingine vilimpa habari za kutosha.

Akapiga msasa siku nne. Vumbi lilijaa hadi kwenye nyusi.

Mwalimu alipokuja hakuanza na somo, jambo ambalo mkewe baadaye alikataa kuliamini. Aliinua ganda lile la mbao, akafumba jicho, akautazama mkuku.

"Imenyooka," alisema.

"Sikukuuliza."

"Upande wa kulia huu, dada, hata wa dukani… Kushoto ndiko kuna kasoro. Hapa pana ufa ulioujaza unga wa mbao. Papi hii ina mchaniko, nadhani ni ya zile tano za kwanza. Lakini si neno! Unapaka lipu ya mbao, msasa, halafu rangi nyeupe mara tatu. Hakuna atakayejua."

"Sipaki."

"Watu wataona."

"Waone. Nikipaka rangi wataona rangi. Sikukaa hapa miezi mitatu kushona rangi."

Mwalimu akakuna kidevu. "Na boti yenyewe sasa ni ya nani? Maana niliinunua mimi."

"Mifupa yako, nyama yangu. Ukiweza kuichomoa mifupa yako, chukua."

Kisha akaomba beseni kubwa la kufulia. Mwalimu akashtuka. Boti za aina hii, alieleza, si za majini, ni za kabatini, kila mtu anajua hivyo. Bi Mkasi alimwambia boti ya kabatini ni kibweta, na vibweta anavyo. Binti alikwishachukua ndoo. Wakatoka uani wote watatu, beseni likajazwa, na Bi Mkasi akaishusha boti kwa mikono miwili, wa kulia ukitetemeka lakini ukishika.

Ilielea kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Halafu ikaanza kuinama ubavu wa kushoto, polepole, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano.

"Nilisema," Mwalimu alianza.

"Nyamaza, mjomba," binti alisema. Aliinyakua, akaimwaga maji, akainua ganda tupu juu, akalielekeza kwenye jua na kuchungulia ndani kwa jicho moja. "Hapa. Karibu na tezi, kati ya papi ya sita na ya saba. Naona mwanga kama tundu la sindano. Na hapa pengine. Mama, lete chaki yako."

Walitia alama sehemu nne. Bi Mkasi alipaka vanishi ndani, mara tatu, akiacha siku nzima kati ya mara moja na nyingine, na Jumapili iliyofuata wakalijaza beseni tena. Safari hii maji hayakuingia. Boti ililalia kushoto kidogo, kwa vile upande ule ulikuwa na gundi nyingi zaidi, na Mwalimu akaanza kueleza habari za uzito na mizani. Kabla hajamaliza, binti alikwenda chumba cha mbele akarudi na vifungo viwili vya koti, vizito, vya chuma, akavidondosha ndani, upande wa kulia.

Boti ikasimama wima.

"Haya," Bi Mkasi alisema, akivuta kiti karibu na beseni. "Mwalimu, yule uliyemwagiza boksi la kwanza bado yupo?"

"Yupo."

"Mwambie alete lenye mataruma mengi zaidi. Na yale makaratasi ya picha asihangaike kuyatia."